Utafiti umekamilika, sasa aambiwe nani?

Safu ya mwezi huu ni ya watafiti wachanga: waliomaliza uzamili au uzamivu juzijuzi, na walioajiriwa kwa mikataba ya miradi kwenye taasisi za utafiti. Wote wanauliza jambo linalofanana, yaani namna ya kuyatoa matokeo kwenye kompyuta na kuyafikisha mahali panapoamuliwa mambo. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Ndugu wahariri, shikamooni. Nimemaliza shahada ya uzamili katika lishe. Nilipima watoto wa vijiji sita kwenye halmashauri moja ya Mkoa wa Morogoro na nimekuta udumavu mwingi kuliko nilivyotarajia. Msimamizi wangu anasema nipeleke matokeo kwa watunga sera. Ni akina nani hao, na naanzia wapi? (Mtafiti wa lishe, Morogoro)

Marahaba. Anza kwa kujiuliza: katika halmashauri ile, ni uamuzi gani unaoweza kubadilika kwa sababu ya ulichokipata, na nani anaweka saini? Ukishindwa kuutaja uamuzi huo kwa sentensi moja, bado hujawa tayari kwenda ofisi ya mtu.

Kwa lishe una bahati, kwa sababu fungu lipo tayari. Chini ya Mkataba wa Lishe ulioanza kusainiwa mwaka 2017, kila halmashauri inatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Tuseme halmashauri hiyo ina watoto 45,000 wa umri huo: hizo ni shilingi milioni 45 kwa mwaka. Kwenye vikao afisa lishe huulizwa kama fedha imetengwa, kama imetoka, na iliyotoka imefanya kazi gani. Swali la mwisho ndilo linalomtoa jasho. Utafiti wako ukionyesha, kwa mfano, kwamba watoto wengi wanaanza kudumaa kati ya miezi 6 na 12, wakati sehemu kubwa ya fedha inaishia kwenye maadhimisho na semina, basi una la kumwambia.

Ndiyo maana mtu wa kwanza kuonana naye ni huyo afisa lishe, kabla ya Mganga Mkuu wa Wilaya na kabla ya Mkurugenzi Mtendaji. Ukimruka, na mkurugenzi akazisikia namba zako kikaoni kwa mara ya kwanza mbele ya watu, afisa lishe anageuka mshtakiwa, na kuanzia siku hiyo atatafuta kasoro za sampuli yako badala ya dawa ya tatizo. Mpe siku chache azisome. Mara nyingi atakwambia kitu ambacho hukukijua, kama vile kijiji kimoja kati ya vile sita kilipokea mradi wa shirika fulani mwaka uliotangulia.

Baada ya hapo andika barua ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi Mtendaji, yenye "Yah:" inayoeleweka, ukiambatisha muhtasari wa kurasa mbili. Itaje barua ya kibali waliyokupa ulipokwenda kukusanya data, pamoja na kumbukumbu namba yake. Ipeleke masjala kwa mkono ukiwa na nakala mbili: moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na unaondoka nayo. Baada ya siku 7 hadi 10 za kazi fuatilia kwa kutaja tarehe ya muhuri. Barua pepe peke yake kwenye halmashauri nyingi haina faili, na kisicho na faili hakimfikii mtu wa kukishughulikia.

Omba dakika 20 kwenye kikao kilichopo tayari: cha timu ya uendeshaji wa huduma za afya, au cha kamati ya lishe ya halmashauri, ambayo hukaa kila robo mwaka. Usiitishe mkutano wako. Na uende mapema. Mipango na bajeti za halmashauri hushika kasi kuanzia Novemba au Desemba, na kufikia Februari rasimu zimekwisha kukaa sawa. Matokeo yanayowasilishwa Septemba au Oktoba bado yana nafasi. Ya Machi yatapigiwa makofi na kuwekwa kabatini.

Tahadhari moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu wa asilimia 30 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Usiiweke asilimia ya vijiji vyako sita kando ya hiyo bila kueleza vijiji ulivichaguaje. Kama ulichagua vile vilivyofikika kwa gari, sema. Mtu wa takwimu wa halmashauri ataliuliza hilo kabla hujamaliza slaidi ya pili.

Kila nikienda makao makuu ya kaunti naambiwa bajeti imeshapita. Nikirudi mwaka unaofuata, imeshapita tena. Je, kuna wakati ambapo haijapita? (Mtafiti wa maji, Kilifi)

Upo, na umeandikwa kwenye sheria. Wengi hukosea kwa kuisubiri bajeti yenyewe, ilhali inapofika mbele ya wananchi viwango vya kila idara vimekwisha kufungwa.

Fuata tarehe za Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya Kenya ya 2012. Kufikia 1 Septemba, kaunti inawasilisha kwenye bunge la kaunti Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao ni wa mwaka wa fedha unaoanza Julai inayofuata. Mradi usioonekana humo unakuwa na safari ngumu baadaye. Kufikia 28 Februari inakuja Taarifa ya Mkakati wa Fedha wa Kaunti, inayoweka kikomo cha fedha kwa kila sekta. Kufikia 30 Aprili yanawasilishwa makadirio, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Wewe umekuwa ukifika Mei au Juni, wakati ubishi uliobaki ni wa kuhamisha shilingi ndani ya kikomo kile kile.

Hivyo kama utafiti wako unaonyesha kwamba visima vya kaunti vinakufa kwa kukosa vipuri na mafundi, na si kwa kukosa kuchimbwa, lifikishe hilo kwenye idara ya maji Juni au Julai, wakati mpango wa Septemba unaandikwa. Kisha rudi Januari, kabla ya vikomo vya sekta. Safari hizo mbili zina faida kuliko kumi za Mei. Ulizia pia wajumbe wa Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo linatajwa na sheria hiyo hiyo na lina viti vya watu wasio wa serikali. Wajumbe hao mara nyingi huenda vikaoni bila takwimu zozote mkononi.

Juu ya mipango ya mwaka upo Mpango Jumuishi wa miaka mitano. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027, na unaofuata utaandikwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2027. Ukipitwa na huo utasubiri sana, kwa hiyo maandishi yako yawe tayari kabla gavana mpya, au wa zamani aliyerudi, hajaapishwa.

Ushiriki wa umma, kwa mujibu wa Ibara ya 196 ya Katiba, ni haki yako kama mkazi, na memoranda yako, yaani maoni yako ya maandishi, lazima ipokelewe. Ila kupokelewa si kusomwa. Iandike kwa kutaja ukurasa na jina la programu kwenye waraka wao, la sivyo karani ataiweka kwenye kundi la "maoni ya jumla".

Nimeandika muhtasari wa sera wa kurasa nane. Katibu muhtasi wa mkurugenzi ameniambia bosi wake hasomi zaidi ya mbili. Nikate nini? (Mtakwimu, Dodoma)

Kata mbinu za utafiti zibaki mistari mitatu: uliwahoji wangapi, wapi, lini, na ulivyowapata. Kata mapitio ya maandiko yote. Kata aya ya kwanza inayoeleza kuwa afya, au elimu, au kilimo, ni muhimu kwa maendeleo ya taifa. Mkurugenzi analijua hilo, ndiyo kazi yake. Uliyoyakata usiyatupe. Wakanada walioshughulikia utafiti wa huduma za afya walikuwa na utaratibu wa 1:3:25, yaani ukurasa mmoja wa ujumbe mkuu, kurasa tatu za muhtasari, na kurasa 25 za ripoti kwa atakayetaka undani. Mkurugenzi anasoma ule mmoja, mchumi wa idara anasoma tatu, na atakayepewa kazi ya kukukosoa anasoma 25. Ziandae zote.

Sasa tuangalie sentensi. Watafiti wengi huanza hivi: "Utafiti umebaini uhusiano wenye maana kitakwimu kati ya umbali wa kituo cha afya na kujifungulia nyumbani (OR 2.3, p<0.01)." Namba hizi ni za mfano tu, na OR ni "odds ratio", kipimo cha kitakwimu cha kulinganisha makundi mawili. Data ile ile inaweza kusemwa hivi: "Kati ya kila wajawazito 100 wanaoishi zaidi ya kilomita 5 kutoka zahanati, 38 walijifungulia nyumbani. Kati ya wale wa karibu ni 21." Hakuna kilichopotea, na kuna kosa limeepukwa: msomaji asiye mtakwimu akiona OR 2.3 atatangaza kwenye mkutano wa hadhara kwamba wa mbali wanajifungulia nyumbani mara 2.3 zaidi. Gawanya 38 kwa 21 uone. Ni mara 1.8. OR hukuza tofauti pale jambo linapokuwa la kawaida, na waziri akishalitamka utalaumiwa wewe, maana ndiwe uliyeiandika.

Vivyo hivyo na "imepunguza hatari kwa asilimia 50". Kutoka 4 kwa 1,000 hadi 2 kwa 1,000 ni asilimia 50. Kutoka 400 hadi 200 nayo ni asilimia 50. Mwenye fedha anahitaji kujua unazungumzia ipi.

Kwenye mapendekezo ndiko muhtasari mwingi unakofia. "Serikali iongeze uwekezaji katika afya ya mama na mtoto" halina mtu wa kulitekeleza. Pendekezo linalofanya kazi lina mtendaji, kitendo, muda, gharama, na kanuni au fungu linaloruhusu. Kwa mfano: Idara ya Afya ya halmashauri, katika bajeti ijayo, itenge fedha za kukarabati jengo moja lililopo kwenye kituo cha afya cha tarafa ili wajawazito wa mbali wasubirie hapo wiki mbili za mwisho, gharama ya ukarabati ni kiasi fulani, na ya kuliendesha kwa mwezi ni kiasi fulani. Gharama ya kuendesha ndiyo inayosahaulika zaidi. Mhasibu atakuuliza nani analipa umeme na mlinzi, nawe unapaswa kuwa na jibu.

Yaishie matatu. Ukiandika tisa, watachagua lile rahisi, ambalo kwa kawaida ni "kutoa elimu kwa jamii".

Na uweke picha moja. Mfano mzuri tunao hapa hapa Tanzania, mradi wa TEHIP ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na IDRC, kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo, kwenye wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990. Timu za afya za wilaya zilionyeshwa grafu za pau zilizolinganisha mzigo wa kila ugonjwa na fedha zinazokwenda kwenye ugonjwa huo. Morogoro, malaria ilibeba karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ikapata asilimia 5 ya bajeti ya 1996. Kifua kikuu kilikuwa chini ya asilimia 4 ya mzigo, kikachukua asilimia 22. Mtu hahitaji shahada ya takwimu kuliona hilo. Timu zikapanga upya fedha zao, na vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka iliyofuata. Tusiipe grafu sifa zote, kwani palikuwa pia na fedha kidogo za nyongeza na mafunzo ya uendeshaji na ya kutibu watoto. Lakini grafu ilizungumzia fedha ambazo waliokuwa chumbani walikuwa na mamlaka ya kuzihamisha, na hiyo ndiyo sehemu ya kuiga.

Je, ni lazima nilipe posho ili maofisa waje kunisikiliza? (Mtafiti wa mradi, Mwanza)

Kwenye kikao chao, ofisini kwao, saa za kazi: hapana. Hii ni sababu nyingine ya kuomba nafasi kwenye ajenda zao. Ukiwaita hotelini nje ya kituo chao cha kazi, gharama za safari zipo kihalali, na zilipwe na taasisi yako kwa viwango vya serikali, kwa karatasi, kupitia mhasibu. Usimpe mtu bahasha mkononi. Akikwambia bila chochote kikao hakitakaa, waombe tarehe ya kikao kinachofuata cha kawaida, usubiri.

Nimesoma tangazo la Bunge linaloalika wadau kutoa maoni kuhusu muswada unaogusa eneo langu la utafiti. Nina siku chache tu. Nifanye nini? (Mhadhiri msaidizi, Dar es Salaam)

Kwanza pata muswada wenyewe. Tovuti ya Bunge huuweka. Usijenge hoja juu ya habari za magazeti, maana mara nyingi kifungu kinacholalamikiwa mitandaoni kimekwisha kubadilishwa, au hakimo kabisa.

Elewa ulipofikia. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza unapelekwa kwenye Kamati ya Kudumu inayohusika, na kamati ndiyo inayowasikiliza wadau. Kisha unarudi bungeni kusomwa mara ya pili na kujadiliwa, unapitiwa kifungu kwa kifungu kwenye Kamati ya Bunge Zima, unasomwa mara ya tatu, na kwenda kwa Rais kupata kibali. Nafasi yako halisi ni kwenye kamati. Ya pili, nyembamba zaidi, ni kupitia mbunge anayeweza kupeleka jedwali la marekebisho. Ukiwa ni muswada wa hati ya dharura, hatua hizi zinabanwa ndani ya siku chache, hivyo kwenye maeneo yanayotabirika anza kuandika kabla ya tangazo.

Maoni yako yaweke kwenye jedwali la safu nne: namba ya kifungu, maneno yaliyopo, kasoro yake kwa ushahidi, na maneno mapya unayopendekeza. Safu ya nne ndiyo inayowashinda watafiti, nayo ndiyo wanayoitafuta mwanasheria wa Bunge na mwandishi wa sheria wa serikali. Ukisema "kifungu cha 14 kiangaliwe upya" umewaachia kazi. Ukiandika "futa 'siku saba' weka 'siku thelathini'", umewapa kitu cha kunakili. Omba mwanasheria mmoja akusomee safu hiyo hata kama ni kwa nusu saa.

Andika kwa Kiswahili. Mjadala wa kamati ni wa Kiswahili, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Tafsiri istilahi zako mapema, usizitafsiri ukiwa umesimama. Tumewaona wasomi hodari wakikwama kwenye kusema tu walichokifanya.

Pata barua ya taasisi yako inayosema unaiwakilisha, au sema wazi kwamba ni maoni yako binafsi. Kuchanganya hayo mawili kumewaletea watu matatizo kazini.

Mle ndani, kila kitu kinapita kwa mwenyekiti. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mjumbe." Huenda ukapewa dakika tano ulizodhani ni kumi na tano, kwa hiyo anza na kifungu kinachokuuma zaidi, si na historia ya sekta. Usibishane na mjumbe hata kama amekosea. Jibu namba, uache. Ukiulizwa takwimu ambayo huna, jibu ni "Mheshimiwa Mwenyekiti, sina takwimu hiyo hapa, nitaiwasilisha kwa Katibu wa Kamati", kisha uiwasilishe kesho yake. Ukikisia, kisio lako litaingia kwenye kumbukumbu pamoja na jina lako.

Msimamizi wangu anasema nisimwambie mtu matokeo mpaka jarida lichapishe. Hiyo inaweza kuchukua mwaka mzima. (Mwanafunzi wa uzamivu, Mbeya)

Majarida mengi hayakatazi kuwasilisha kwenye mkutano wa kitaaluma au kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali yenye haja nayo. Hata kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inalikubali hilo kwa mambo ya afya ya umma yenye uzito. Wasichotaka ni makala yote kutokea kwingine kwanza. Mwandikie mhariri sentensi mbili umuulize, umwonyeshe msimamizi jibu. Kama cheti chako cha maadili ni cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisome tena: kuna sharti la kupata ruhusa yao kabla ya kuchapisha.

Hata hivyo, msimamizi wako ana hoja moja. Kama uchambuzi haujapitiwa na mtu mwingine yeyote, usiupeleke wizarani. Mpe mtakwimu ambaye hakuhusika auendeshe upya kuanzia data ghafi. Namba ikibadilika baada ya mkurugenzi kuitumia, hutaaminiwa tena pale.

Namba zangu hazifanani na za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Naogopa kushtakiwa. (Mchumi kilimo, Arusha)

Hofu hiyo ina historia. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kusambaza takwimu zinazopotosha au kupingana na takwimu rasmi, na watafiti wengi wakanyamaza. Marekebisho ya 2019 yaliliondoa kosa hilo na kutambua kwamba mtu anaweza kukusanya na kutoa takwimu zake. Kwa hiyo kuwa na namba tofauti si jinai. Taratibu zipo bado, hivyo soma sheria ilivyo sasa na muulize mwanasheria wa taasisi.

Kabla ya kufika huko, chunguza kama kweli zinapingana. Mara nyingi kinachotofautiana ni mwaka, msimu wa kuvuna, tafsiri ya kaya, au eneo. Weka namba mbili kwenye jedwali moja na uandike chini yake kwa nini zinatofautiana. Halafu mpelekee mtu wa mkoa wa Ofisi hiyo ya Takwimu (NBS) jedwali hilo kabla hujalionyesha popote. Huenda akakuonyesha kosa lako, na pengine akakiri udhaifu wa sampuli yao katika ngazi ya wilaya, maana tafiti nyingi za kitaifa hazikuundwa kutoa majibu ya wilaya moja moja. Kwa vyovyote, usiandike kichwa cha habari kinachosema takwimu za serikali si sahihi. Andika ulichopima.

Natafiti kilimo cha mwani, nipo Unguja. Ushauri wenu wa Dodoma unanihusu? (Mtafiti, Zanzibar)

Kwa sehemu ndogo. Zanzibar mwani uko chini ya Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na sheria zake hupitia Baraza la Wawakilishi. Dodoma utahitajika pale jambo likigusa mambo ya Muungano. Kwa mwani, anza na wizara yako na masheha wa shehia ulizofanyia kazi, kwa sababu wakulima wenyewe, ambao wengi ni akina mama, watakuwepo kwenye kikao chochote cha maana na watajua kama uliwahi kufika.

Idara yetu inataka kuandaa mafunzo ya siku tatu kwa watafiti wachanga 20 kuhusu kushiriki katika utungaji wa sera. Tupange vipi yasiwe semina ya kawaida? (Mratibu wa utafiti, Eldoret)

Chujeni kabla. Anayeingia awe na matokeo, hata rasimu, na alete karatasi yenye mambo matatu: amepata nini, uamuzi gani unahusika, na uamuzi huo unafanyika lini. Asiyeweza kuijaza asubiri awamu ijayo. Idara nyingi huwapeleka watu kwa zamu au kwa cheo, na wanaokaa darasani bila matokeo yao wenyewe huishia kufanya mazoezi ya kubuni wasiyoyajali.

Siku ya kwanza msifundishe nadharia za sera. Fungueni kitabu halisi cha bajeti ya kaunti, kilichochapishwa, nakala moja kwa kila watu wawili, na kila jozi itafute fungu linalohusiana na utafiti wake: limetengewa kiasi gani, na mwaka uliopita kilitumika kiasi gani. Zoezi hili linachukua asubuhi nzima na linachosha. Wengi watagundua kwamba pendekezo lao lina fungu tayari ambalo halitumiki. Mchana kila mmoja achore njia ya uamuzi wake: nani anaandika rasimu, nani anaipitia, nani anasaini, na nani anaweza kuizuia bila kutamka sababu.

Siku ya pili ni ya kuandika. Muhtasari wa kurasa mbili asubuhi, na mchana wabadilishane na mtu wa fani nyingine kabisa, mwanakilimo na mtu wa afya, asome kwa sauti huku mwandishi amenyamaza. Msomaji anapokwama, mwandishi anapiga mstari. Hapo ndipo jargoni zinapoonekana, bila mkufunzi kusema neno.

Siku ya tatu ni kamati ya mfano. Mezani pakae ofisa mstaafu wa wizara, mtu aliyewahi kuwa mwakilishi wadi, ofisa wa bajeti aliye kazini na mwandishi wa habari. Kila mshiriki apewe dakika 5 za kusema na 10 za maswali. Pigeni hesabu: watu 20 mara dakika 15 ni saa tano, na baada ya saa ya tatu mezani hakuna anayesikiliza. Gawanyeni vyumba viwili vyenye meza mbili, mmalize kwa saa mbili na nusu. Waambieni wa mezani wakatize, wachelewe kufika, na waulize swali lililo nje ya mada, kwa sababu ndivyo inavyokuwa.

Ofisa wa bajeti mwiteni kama mkufunzi wa siku zote tatu, si mgeni rasmi. Mgeni rasmi anachukua saa mbili za asubuhi ya kwanza kwa hotuba na picha, kisha anaondoka. Mkufunzi atawaonyesha washiriki karatasi alizopokea mwezi ule na kuwaambia aliziacha mstari wa ngapi.

Wasimamizi wao wa taaluma nao waitwe nusu siku. Mtafiti mchanga akirudi kwa profesa anayeona kazi hii kuwa upotezaji wa muda wa kuchapisha, atarudi kuchapisha. Kwa wanaotaka kuzama zaidi kuna mpango wa Wataalamu Vijana wa KIPPRA, taasisi ya Kenya ya utafiti na uchambuzi wa sera, huko Nairobi, ambapo mtu hukaa mwaka mmoja akifanya kazi ya uchambuzi wa sera. Waelekezeni huko wale wawili watatu walioonyesha kipaji mezani.

Fedha za mafunzo zisiishie kwenye siku tatu. Tengeni theluthi moja kwa miezi sita inayofuata: nauli za kwenda makao makuu ya kaunti, kuchapa nakala, na simu moja ya mshauri kila mwezi. Wekeni jedwali la pamoja ambalo kila mshiriki anajaza barua aliyopeleka, tarehe ya muhuri, jina la cheo cha aliyeipokea, na kilichofuata. Cheo, si jina, kwa sababu maofisa huhamishwa, na anayekuja huanza na faili tupu kama mshiriki hakubaki na nakala yake.